Mwigizaji Bora wa Mabondeni

Jamhuri ya Pongezi ni nchi ndogo, tulivu, yenye makofi mengi. Asubuhi raia hupongezwa kwa kuamka, na jioni Serikali hupongezwa kwa jua kutua bila ajali. Haya yaliyotokea huko tunayaeleza kwa nia njema kabisa, na msomaji atakayedhani ameiona nchi hiyo mahali, hata akadhani amewahi kulipa kodi ndani yake, tunamwomba radhi. Atakuwa ameifananisha.

Katika nchi hiyo aliishi msusi aitwaye Sikudhani Mbaruku, mwenye saluni ya viti vitatu na televisheni moja iliyoning'inizwa juu ya kioo. Kwa kuwa kusuka nywele ndogondogo ni kazi ya kutwa nzima, filamu zilipita kwenye televisheni ile tangu mlango unafunguliwa mpaka unafungwa, naye Sikudhani alizitazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye utosi wa mteja. Mianzo ya filamu ilimpita akiwa anaosha vichwa, na miisho ilikatwa na umeme. Alizifahamu filamu nyingi sana, ila zote kuanzia katikati na kuishia hapohapo.

Kila msimu wa tuzo ulipokaribia, wateja walimtaka atoe tuzo zake mwenyewe, naye alizitoa kwa mdomo, chanuo mkononi. Filamu bora kwake ilikuwa ile iliyomsahaulisha mteja kwamba anavutwa nywele. Mwigizaji bora alikuwa yule ambaye akilia, mwanamke aliyekaa chini ya kikaushio, asiyesikia hata neno moja kwa kelele za mashine, naye analia. Alikuwa pia na tuzo ya mama mkwe mwenye roho mbaya kuliko wote, na nyingine ya mtu aliyechukua muda mrefu kufa baada ya kupigwa risasi. Tuzo hizo hazikumuudhi mtu, maana washindi walikuwa nchi za mbali na hawakuwa na habari.

Tuzo za Taifa zilikuwa jambo jingine. Hizo zilisimamiwa na Wizara ya Filamu na Mafuriko. Zamani zilikuwa wizara mbili, lakini wakati wa kubana matumizi ilionekana kwamba zote zinategemea kamera zilezile, zikaunganishwa. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Ngwanda Sebabili, mtu mrefu mwenye sauti ya mahubiri na leso ya hariri, na majaji wa tuzo walikuwa kaka zake wawili, shemeji yake mmoja, na mwalimu aliyemfundisha darasa la tatu. Mambo yalikwenda vizuri kwa miaka mingi. Kisha mwaka huo mgeni mmoja kutoka nje, aliyelipiwa hoteli kusudi asiulize maswali, akauliza kama mwananchi wa kawaida naye ana nafasi ya kusema filamu gani imempendeza.

Wizara ikafadhaika. Baada ya vikao vingi ikaamuliwa kwamba atafutwe mwananchi wa kawaida mmoja, anayetosha.

*

Kazi ya kumtafuta alipewa Bwana Chogo Mtulia, Mkurugenzi wa Mambo ya Kawaida. Yeye mwenyewe hakuwa amekutana na mtu wa kawaida kwa muda mrefu, lakini mkewe alisukwa kwa Sikudhani, na Jumamosi moja alipokwenda kumchukua alimkuta msusi akimfafanulia mteja kwa nini bwana aliyekuwa akifa kwenye televisheni hastahili kitu. Anakufa, alisema Sikudhani, lakini tumbo linapumua. Bwana Mtulia alisimama mlangoni akasikiliza kwa furaha kubwa. Hapo hapo akamwambia kwamba Taifa linamhitaji.

Sikudhani alikataa. Alisema ana vichwa vya kusuka, na ana mama wa kutunza. Na hilo la mama lilikuwa kweli. Miezi miwili kabla, mto ulikuwa umeingia Mabondeni, mtaa aliozaliwa, ukaondoka na nyumba ya vyumba viwili ya mama yake, Bi Mgeni. Tangu hapo mama huyo alilala saluni, kwenye godoro lililotandikwa kati ya vikaushio, na kila asubuhi alilikunja mapema akakaa nje kwenye ngazi, ili wateja wasione kwamba hapo pia ni nyumba ya mtu.

Waziri Sebabili alikwenda Mabondeni siku ile ya mafuriko. Alivaa mabuti mapya ya mpira yenye rangi za bendera, akamkumbatia Bi Mgeni, akalia begani mwake. Kilio hicho kilionyeshwa kwenye taarifa ya habari kila jioni, na Taifa zima likapongezwa kwa kuwa na kiongozi mwenye machozi. Waziri aliahidi mablanketi, daraja, na viwanja juu ya mwinuko, mahali ambapo maji hayafiki.

Bi Mgeni aliieleza siku ile mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayeeleza alivyopotea njia. "Blanketi alinipa," alimwambia binti yake. "Kijana wake akalichukua, tukasogea penye mwanga, akanipa tena. Mara ya tatu mikono niliinyoosha mwenyewe."

"Na mwisho likabaki kwako?"

"Liliondoka na gari."

Bwana Mtulia aliposikia habari za mama, uso ukamng'aa. Alisema viwanja vya mwinuko bado vipo, na kwamba Mtazamaji wa Kawaida wa Taifa, akifanya kazi yake kwa ukawaida, mama yake hawezi kusahauliwa. Sikudhani alitazama nje kwenye ngazi, akamwona mama yake amekaa na godoro lililokunjwa pembeni kama abiria. Akakubali.

*

Wizarani walimfundisha kuwa wa kawaida. Kumbe alikuwa akikosea. Mtazamaji wa kawaida, alielezwa, haulizi filamu inahusu nini. Hacheki kabla ya viongozi, wala haendelei kucheka wakimaliza. Akipendezwa anasema amefarijika. Asipopendezwa anasema amejifunza. Walimnyang'anya chanuo lake, ambalo alikuwa amezoea kulishika anapofikiri, kwa kuwa lilionekana kama linaashiria jambo.

Kisha wakamwonyesha filamu zilizoteuliwa. Ya kwanza iliitwa *Bomba Limefika*, ya saa tatu, ambamo bomba la maji linazinduliwa. Maji yenyewe hayaonekani, kwa sababu wakati wa kupiga picha yalikuwa bado hayajafika. Nafasi ya bomba iliigizwa na mpwa wa Waziri, naye alisifiwa sana kwa kutotikisika. Ya pili, *Kodi Yangu, Mpenzi Wangu*, ilikuwa ya mapenzi, na wapenzi wake walikutana kwenye foleni ya kulipa. Ya tatu ilikuwa ya kusisimua, *Jambazi Aliyetubu Mapema*. Jambazi anajisalimisha mwanzoni kabisa kwa kuheshimu sheria, na muda uliobaki anawashukuru wahusika.

Sikudhani alilala kwenye ile ya bomba. Alipozinduka alikuta majaji wote wanne wamelala pia, ila wao walikuwa na mazoezi; walilala wima, mikono tayari kwa makofi. Alimwambia Bwana Mtulia kwa adabu kwamba kwa maoni yake binafsi hakuna hata moja ambayo ingemzuia mteja kusikia maumivu ya kichwa.

Bwana Mtulia alimtazama kwa huruma ya mtu mzima kwa mtoto.

"Dada Sikudhani," alisema, "maoni yako binafsi yamepitishwa na kikao wiki iliyopita. Wewe umempenda sana yule bomba."

Akamkaririsha. Filamu iliyomgusa ni *Bomba Limefika*. Mwigizaji aliyemgusa ni bomba. Sikudhani alirudia mpaka akaweza kuyasema bila kusita, na jioni aliporudi saluni mama yake alimuuliza kama filamu zilikuwa nzuri. Alijibu kwamba amejifunza.

*

Usiku wa tuzo ukumbi ulijaa. Mkuu wa Nchi alikaa mbele kwenye kiti chenye mgongo mrefu, na watu wote waligeuza vichwa kidogo upande wake ili wajue sura gani ya kuvaa. Hotuba zilikuwa tano. Ya kwanza ilikaribisha hotuba, ya mwisho ilizishukuru. Sherehe ilikuwa ikirushwa moja kwa moja nchi nzima, na Bi Mgeni alikuwa saluni na majirani, wanamsubiri binti yake atokee.

Kabla Sikudhani hajaitwa jukwaani, taa zilipunguzwa ili kionyeshwe kile kilio cha Mabondeni, kama burudani fupi ya uzalendo. Na hapo fundi mitambo akakosea. Badala ya kuweka kile kipande cha kila jioni, aliweka picha yote, tangu kamera ilipowashwa mpaka ilipozimwa.

Sikudhani, akiwa amesimama pembeni ya jukwaa, akaona kitu kizima, mwanzo na mwisho. Alimwona Waziri akiuliza upande gani kamera itakuwa, na akichagua bega. Alimwona akifunga macho, akitikisa kichwa kusema bado, kisha akiyafungua, moja likiwa limelowa. Aliona blanketi likienda na kurudi. Mwisho alimwona Waziri akijifuta uso kwa leso, akicheka na dereva, akipanda gari, na nyuma ya gari akamwona mama yake, Bi Mgeni, amebaki kwenye tope, mikono bado ameinyoosha, hajui kama imekwisha au wataanza tena.

Ukumbi ulipiga makofi. Hakuna aliyeona tofauti yoyote, kwa kuwa makofi yalikuwa kwenye ratiba.

Mshereheshaji akamwita Mtazamaji wa Kawaida wa Taifa atoe chaguo lake la mwigizaji bora. Sikudhani alitembea mpaka kwenye kipaza sauti. Alikifikiria kiwanja cha mwinuko, akayatafuta yale maneno aliyokaririshwa, akayapata, yote yapo kichwani, yamejipanga. Akayaacha hukohuko.

"Mimi nimemchagua Mheshimiwa Waziri," alisema, "kwa kazi yake ya Mabondeni. Mpwa wake amejitahidi, lakini mpwa alikuwa bomba tu. Mheshimiwa alikuwa mtu mwenye huruma, na hiyo ni ngumu zaidi kwake. Alilia jicho moja, lile la upande wa kamera. Alimkumbatia mama yangu kama anayemjua. Na alitoa blanketi moja mara tatu, asilipoteze. Nimetazama filamu nyingi na sijaona anayemfikia."

Ukumbi ulinyamaza. Bwana Mtulia, aliyekuwa nyuma ya pazia, alikaa chini polepole pale alipokuwa amesimama. Sikudhani alishika kingo za meza akangoja kukamatwa, na moyoni alikuwa tayari amepanga nani atamsuka mteja wa kesho.

Lakini Mkuu wa Nchi, ambaye katika hotuba ya tatu alikuwa amesinzia, alizinduliwa na ukimya. Katika nchi yake ukimya ulikuwa na maana moja tu, kwamba watu wanamngoja. Akapiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi pia, na kwa sheria za Jamhuri ya Pongezi makofi yakishaanzwa na Mkuu hayawezi kurudishwa.

Waziri Sebabili alikuwa amekunja uso. Sasa aliukunjua. Alipanda jukwaani, akapokea sanamu ya shaba, akatoa leso. Alisema kwa muda mrefu watu walidhani yeye ni mwanasiasa tu. Alimshukuru Mkuu wa Nchi, akamshukuru mtu wa taa, akaishukuru na mvua.

"Na wanafunzi wa sanaa wajue," alisema akiwa ameweka mkono kifuani, "kwamba sikutumia kitunguu."

*

Wiki ile ya kwanza mji mzima ulicheka. Wateja walifurika saluni kumpongeza Sikudhani kwa jinsi alivyomvua nguo Waziri mbele ya nchi, na wengine walisukwa wakiwa hawana haja ya kusukwa. Naye alifurahi, tena alijivuna kidogo.

Kisha mambo yakageuka bila kelele. Waziri alitundika picha yake akilia kwenye lango la wizara. Mawaziri wenzake wakaona wivu. Waziri wa Kilimo akaenda kwenye shamba lililokauka akazimia mbele ya wapiga picha, mara ya kwanza kwa kuanguka ubavu, na walipomwambia haionekani vizuri akazimia kifudifudi. Waziri wa Afya akalazwa wodini katika kitanda cha mgonjwa, mgonjwa akiwa ameondolewa kwa muda. Kikaundwa kifungu kipya cha tuzo, Kiongozi Mwigizaji Bora, na fungu la mablanketi likahamishiwa kwenye taa, kwa maelezo kwamba blanketi humfaa mtu mmoja, ila mwanga huwafaa wote.

Kiwanja hakikuja. Viwanja vyote vya mwinuko alivichukua Waziri mwenyewe, kwa kuwa mwigizaji wa hadhi yake alihitaji utulivu. Alianza kujenga jumba la ghorofa mbili lenye nguzo, na ili kulipatia sehemu tambarare akakata ubavu wa kilima kilichoitazama Mabondeni.

Sikudhani alikuja kulalamika kwa mama yake, akitegemea kupozwa. Bi Mgeni alikuwa akikunja godoro.

"Mwanangu, ulimtukana," alisema, "naye akalichukua tusi akaliweka kabatini na kulifuta vumbi. Zamani nilikuwa na jambo moja tu, nilijua siku nikikutana naye ataona haya. Hata hilo sasa sina."

Tangu siku hiyo Sikudhani aliacha kutoa tuzo zake, na mteja akimuuliza alisema hajaona chochote. Televisheni iliendelea kuwaka juu ya kioo, lakini alianza kusuka ameigeuzia mgongo.

*

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja nzito zaidi. Mto ukaingia Mabondeni kwa mara nyingine, na Waziri Sebabili akaja na magari ya taa, mwavuli, na fundi wa kumpaka poda. Bwana Mtulia alitangulia kuwapanga waathirika kwa urefu. Sikudhani na mama yake walikuwapo, maana walikuwa wameanza kusimamisha upya kuta za ile nyumba, na zimeanguka tena.

Watu wa Mabondeni walikuwa wamejifunza. Hawakuomba kitu. Walitafuta mawe na mabenchi yaliyobaki, wakakaa, wakakunja mikono, wakamtazama. Waziri alipolia, wazee watatu walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mwanamke mmoja aliomba arudie pale mwanzoni, hakuona vizuri. Akarudia.

Alikuwa katika kurudia ndipo kilima kilipotoa mlio. Kile kipande alichokikata kililegea, na jumba lenye nguzo likainama, likakaa kama mtu aliyechoka, kisha likateremka. Halikuwa na mtu ndani. Watumishi wote walikuwa chini wakishika taa. Lilikuja na tope mpaka kwenye mabaki ya mtaa, likapasukia hapo.

Waziri aligeuka akaliona. Akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, nyembamba, ya puani. Alianguka magoti, kamasi zikamtoka, mdomo ukapinda, poda ikachuruzika shingoni. Alisema jamani nyumba yangu, nyumba yangu kweli, nisaidieni.

Watu wakapiga makofi. Bwana Mtulia alimfanyia ishara mpiga picha asizime. Waziri alimshika mzee mmoja mguu akamwambia haigizi, naye mzee akawaambia wenzake kwamba maneno hayo ni mapya, mwaka jana hayakuwapo.

Bi Mgeni alikuwa ameinama mbele, macho ameyakaza.

"Huyu sasa analia kweli?" aliuliza.

Sikudhani alimtazama yule mtu kwenye tope. Macho yote mawili yalikuwa yanatoka machozi, na hakujali kamera iko wapi.

"Analia kweli, mama."

"Kumbe hajui kulia," alisema Bi Mgeni, akanyanyuka kwenda kutazama nyumba yake.

Tuzo ya Kiongozi Mwigizaji Bora msimu huo aliichukua Waziri wa Kilimo. Kikao kilikaa kikaitazama kazi ya Sebabili tangu mwanzo mpaka mwisho, kikaona imeshuka sana kiwango: amelia nje ya mwanga wa taa, ameupa mgongo umma, na kamasi hazikuwa na staha. Aliondolewa uwaziri kwa sababu za kisanaa. Bwana Mtulia alikwenda saluni kumwomba Mtazamaji wa Kawaida maoni yake binafsi, na mara hii alikuwa radhi kuyasikia kabla hayajapitishwa. Sikudhani alimjibu kwamba siku ile mtu hakuigiza, kwa hiyo hawezi kupewa tuzo ya kuigiza. Bwana Mtulia alimshukuru, akasema kikao nacho kilifika hapohapo, ila kwa njia nyingine.

Kule Mabondeni, tope lilipokauka, watu walianza kufukua. Walikuta mabati mazima, mbao za dari, vyuma vya dirisha, beseni mbili za kuogea na nguzo nne ambazo hazikuvunjika. Ndio msaada wa kwanza wa Wizara ya Filamu na Mafuriko uliowahi kufika mtaani hapo, na waligawana bila ugomvi, aliyepoteza zaidi akichagua kwanza. Bi Mgeni alichagua mlango. Ulikuwa wa mninga, wenye nakshi na kitasa cha shaba, na wanaume sita waliubeba mpaka kwake.

Walipousimamisha ikaonekana ni mrefu kuliko nyumba. Fundi akashauri ukatwe. Bi Mgeni alikataa kabisa, na Sikudhani akafunga saluni siku ile akaja kushika ngazi, wakaipandisha nyumba ifikie mlango.